Upande wa Ukuta

Niliisikia sahani kabla ya kumwona mwenye sahani. Ilikuwa ya bati, ikiwekwa sakafuni taratibu, kwa namna mtu anavyoweka kitu asichotaka kisikike, na kwa sababu hiyohiyo ikasikika: ukingo mmoja ukagusa simenti, kisha mwingine, kisha kimya cha mtu anayejiuliza kama amesikika. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa nyumba ya matofali mabichi huko Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, begi begani, macho yakiwa bado yamejaa jua la nje, na ndani sikuona kitu isipokuwa rido, pazia la kitenge lililokigawa chumba. "Karibu, mwana wanje, mwanangu," sauti ikasema nyuma ya rido, sauti yenye kitu mdomoni. "Subiri kidogo." Nikasubiri. Alipotokea alikuwa amekwisha kunawa na kufuta midomo, mikono yote miwili ameinyoosha kunipokea, na usoni mwake hapakuwa na dalili yoyote kwamba muda mfupi uliopita alikuwa anakula.

Juma lililopita Mama Goreti, mwenye sahani ile, alinipigia simu. Anarudi Burundi kwa binti yake, Goreti mwenyewe, na basi lake linaondoka Lilongwe jioni. Je, anaweza kupumzika kwangu mchana ule? Nikamwambia karibu, mama, unauliza nini. Kisha nikakata simu, nikakaa kitandani katika chumba hiki nilichopanga mtaa wa Area 47, nyuma ya duka la mshonaji, cherehani zikilia upande wa pili wa ukuta, na uso ukaniwaka kama wa msichana aliyekamatwa akisikiliza mlangoni. Siku hizi vijana wanaotaka kuandika huniita kuwaeleza jinsi ya kumwingia mhusika, jinsi ya kuiona dunia kwa macho yake na kuisema kwa mdomo wake. Nawaeleza vizuri. Naona wanavyotikisa vichwa. Lakini kila ninaposema neno "macho" namwona mwanamke amekaa kwenye kigoda, amenigeuzia mgongo, na nataka kunyamaza.

Jinsi nilivyofika kambini kutoka Bukavu, Kongo, na waliobaki njiani, si habari ya sura hii. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sikuwa na mtu. Kanisa letu lilikuwa na desturi ya kuwagawa wasichana kama mimi kwa akina mama waliokuwa na nafasi, na mimi nikaangukia kwa Mama Goreti, mkulima wa milimani Burundi, ambaye nafasi yake yote ilikuwa chumba kimoja na rido. Upande wangu kulikuwa na kitanda na dirisha la ukubwa wa Biblia iliyofunguliwa. Upande wake kulikuwa na mkeka, sufuria tatu zilizong'arishwa kwa majivu, na kigoda. Kuta zilikuwa nyembamba kiasi kwamba tulijua jirani ametia chumvi nyingi kwa jinsi mumewe alivyolalamika. Mama Goreti alipika maharage mpaka yakasahau kwamba yaliwahi kuwa mbegu, akaniwekea sahani yangu mezani, akachukua yake, akaenda kwenye kigoda nyuma ya rido na kula ameelekea ukuta. Rido halikufika mwisho. Kupitia ule uwazi niliona mgongo wake, kiwiko kikipanda na kushuka, na shingo ikiinama kila tonge lilipoingia. Mimi kwetu tulikula tukipiga kelele, kila mmoja na mkono wake katika sombe ya mwenzake, kisamvu cha kwetu. Aliponicheka alisema, "Ninyi ba Bukavu munakula kama redio." Nami nikacheka, nisiulize kwa nini yeye anakula kama mwizi. Nadhani tayari nilikuwa nimelichagua lile neno, mwizi.

Jumamosi mchana, katika ukumbi wa kanisa, kulikuwa na kundi la sisi wapenda hadithi. Aliyetuongoza alikuwa Trésor, tukimwita Yaya Trésor, yaani kaka mkubwa, kwa kuwa alitutangulia kwa umri na kwa kusoma. Kijana mwembamba wa Bukavu aliyefundisha akiwa amekaa juu ya meza, miguu ikining'inia. Hakutufundisha maneno magumu. Alitutuma kisimani. "Kila mutu aende kwenye pompi," alisema, "arudi na foleni ya maji. Lakini mi sitaki foleni yako. We leta foleni ya mama ya magoti mabaya. We leta ya binti ambaye kijana fulani iko nyuma yake." Tukarudi tumeandika, na aliyeandika "mama alikuwa amechoka" akachekwa. "Nani anasema amechoka? Weye? Ulimuuliza? Acha ndoo yenyewe iwe nzito. Acha mutu wa mbele akuwe na mgongo mrefu kama barabara ya Dowa." Nililewa na mafunzo yale. Niligundua kwamba msimulizi hana haja ya kusema anamchukia mtu. Anaweza kumwita "yule" mahali ambapo angemwita kwa jina, na chuki ikaingia chumbani bila kubisha hodi. Nilianza kuisikiliza kambi nzima hivyo. Mama mmoja akisema "huyu mtoto wangu" na mwingine "huyu mtoto," nilijua aliyelala na njaa ni yupi. Nilijiona nina masikio ambayo wengine hawana, na sikujiuliza yananipa haki gani.

Ndipo nikaandika hadithi yangu ya kwanza kamili. Msimulizi wake alikuwa msichana mdogo anayesema "mimi," na mama yake alikula ameelekea ukuta kwa sababu sahani yake ilikuwa na nyama na ya mtoto haikuwa nayo. Nyama niliibuni. Mtoto nilimbuni. Ukuta, kigoda, rido lisilofika mwisho, kiwiko kinachopanda na kushuka, hivyo sikuvibuni. Sentensi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa fupi: *Mama alikuwa anakula tena.* Yaya Trésor aliipigia makofi. "Hiyo 'tena,'" akasema, "umeona? Hujamshitaki, lakini amekwisha fungwa." Nilikwenda nyumbani nikiirudia njiani, tena, tena, kama mtu aliyepewa pipi. Mama Goreti alikuwa ameniachia maharage ya moto chini ya kifuniko.

Kundi letu liliamua kusomea watu, na watu waliokuja walikuwa watu wa kanisa, kwa sababu ukumbi ulikuwa wao na mvua ilikuwa inanyesha. Hapa yapasa nieleze jambo ambalo kwetu kambini hakuna aliyehitaji kuelezwa. Katika ukumbi ule, mtu aliyesimama mbele akasema "mimi" alikuwa anatoa ushuhuda. Mimi nilikuwa mgonjwa, Bwana akaniponya. Mimi nilikuwa na njaa, Bwana akanikumbuka. Tulisikia hivyo kila Jumapili, na sisi wa kundi la hadithi, kwa kiburi cha mafunzo yetu, hatukuwaza kwamba Jumamosi watu wangekuja na masikio yaleyale. Nikasimama. Nikasoma. Katikati ya ukurasa wa kwanza mtu akasema "Yesu!" kwa sauti ya chini. Nilipofika kwenye nyama, mwanamke wa mstari wa mbele akaziba mdomo kwa kitenge. "Pole, mutoto," wakasema nyuma. "Pole sana." Nami nikaona nimeshinda. Nilisoma polepole zaidi ili nionje. Sikuwa nimemwona Mama Goreti, aliyekuwa amechelewa na kukaa karibu na mlango, mwavuli ukimdondokea miguuni.

Kesho yake baada ya ibada walikuja watatu, Mama Pasta mbele. Huyu alikuwa mke wa mchungaji wetu, mwanamke wa Uvira mwenye mwili na huruma nyingi, ambaye huruma yake ilitembea kwa miguu mizito na kila mtu aliisikia ikija. Alibeba beseni dogo la unga na ndagala, dagaa wakavu, zilizofungwa katika gazeti.

"Mama Goreti, tumekuya kukusalimia."

"Karibuni, ba mama. Mukae."

"Hatukai. Tumeleta kakitu kwa huyu mutoto." Akaniangalia, macho yakajaa maji. "Si kwa nyumba, mama. Kwa mutoto. Unisikie vizuri, sikuhukumu. Shetani anatujaribu sisi bote kwa tumbo."

Mama Goreti alipokea beseni kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama ilivyo adabu ya kwao, akasema asante. Mama Pasta alipofika mlangoni akageuka, kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo. "Na kwa sherehe ya mavuno, mama, utapumzika. Ba mama bengine batashika sufuria. Umefanya kazi miaka mingi." Zile sufuria kubwa za kanisa ndizo zilizomfanya Mama Goreti awe mtu Dzaleka. Hakuwa na shamba, mume, wala kabila kubwa nyuma yake. Alikuwa na mkono uliojua kuwapikia watu wengi wali usioungua. Sasa nilikuwa nimemnyang'anya sufuria hizo kwa neno moja fupi. Walipoondoka alichemsha maji, akasonga ule unga wote uliotosha sahani moja kubwa, akakaanga ndagala zote, akaniwekea mbele yangu. Hakuchukua hata moja. Akaenda kukaa nje.

Nilimkimbilia Mama Pasta jioni ileile, nikamkuta anachambua mchele.

"Mama, ile ilikuwa hadithi. Si mimi."

"Ulisema 'mimi.' Nilikusikia na haya masikio."

"Ni msichana wa kubuni. Hayuko."

"Hayuko?" Akaweka ungo chini. "Na ile kigoda hayuko? Na ile rido? Nani mwingine anakaa kwa Mama Goreti? Bon. Kama haikukufikia, basi ulisimama mbele ya musalaba ukatutoa machozi ya bure. Chagua, mwanangu. Uliteswa ao ulidanganya?"

Nikarudi nyumbani. Mpaka leo, watu wanaponiuliza tofauti ya msimulizi na mwandishi, huwa nawapa jibu zuri, na chini ya jibu hilo naisikia sauti ya mchele unaochambuliwa.

Mama Goreti hakunifukuza. Kufukuzwa ningeweza kukubeba. Alinieleza, akiwa amenipa mgongo, anaosha sufuria ambayo haikuwa chafu. "Kwetu mtu mzima hatafuni mbele ya batu. Mama yangu sikumwona akikula, hata siku moja. Ni heshima. Mdomo unaokula ni kama..." Hakumalizia. "Wewe ulikuwa mtoto wa nyumba, njo maana sikufunga rido mpaka mwisho." Nililia. Nilimwambia nitatengeneza. Yaya Trésor, nilipomweleza, alishuka mezani kwa mara ya kwanza na kunishika bega. "Usilie. Jiko njo ileile, badilisha macho tu. Andika yeye."

Nikaandika yeye. Nikafanya kazi kuliko nilivyowahi kufanya. Safari hii "mimi" alikuwa mwanamke wa mlimani, na nilimpa haya yake yote: mama ambaye hakuonekana akila, mkono unaoziba mdomo, njia ndefu ambako watu walilazimika kula mbele ya wageni kama ng'ombe, na hatimaye chumba chenye rido, ambamo angeweza tena kuwa mtu. Nilitumia vituo vyake vya kupumua. Nilitumia ile sentensi yake isiyomalizika, nikaimalizia. Kabla ya kusoma nikasema kwa sauti: hii ni hadithi, si ushuhuda. Wakasema amina. Nilipomaliza, wanawake wakainuka mmoja mmoja wakaenda mpaka karibu na mlango, wakamkumbatia Mama Goreti. Mama Pasta alimlilia begani. "Utusamehe, mama. Hatukujua. Sufuria ni yako." Niliwatazama. Niliamini nimeona kazi ambayo hadithi inaweza kufanya.

Sherehe ya mavuno ilifika, na Mama Goreti akapika. Wali wa mafuta, maharage, nyama kidogo iliyokatwakatwa ili imfikie kila mtu. Alisimama kwenye moshi na mwiko mrefu, kitenge kipya kiunoni, nami nikiwa napanga sahani nilimsikia akiimba kwa Kirundi. Watu walipokwisha kugawiwa, mama mmoja akamletea sahani yake. Ndipo mwanamke mwingine, mtu wa utani, asiye na ubaya wowote moyoni, akapaza sauti: "Ba mama, geuzeni migongo! Mama Goreti anataka kula!"

Wakacheka wote. Wakageuka kweli, vitenge vyote kwa pamoja.

"Mi nimefunga macho!"

"Mi nimefunga macho, lakini pua iko wazi!"

"Kula, mama, kula! Ukimaliza upige filimbi!"

Hata watoto wakageuka, wakichungulia kati ya vidole. Mama Goreti alicheka pamoja nao, kiganja juu ya mdomo, sahani ikiwa mkono mwingine, kisha akaiweka juu ya kuni zilizobaki, kama mtu aliyekumbuka kwamba kuna kitu kinaungua. Hakuigusa tena. Utani ule haukuisha siku ile. Ulikuwa utani wa mapenzi, na kwa hiyo haukuwa na mwisho: kisimani, sokoni, kwenye matanga, kila palipokuwa na chakula mtu aligeuka mgongo na kumkonyeza. Nyumbani alianza kunituma maji kabla ya kula. Ndoo ikijaa alinituma tena.

Jioni moja nilimwuliza, kwa ujinga wa mtu anayetaka kusamehewa upesi, kama hadithi ya pili ilimpendeza. Alikuwa anachambua maharage, na mikono yake haikusimama.

"Ya kwanza ulisema uongo, nikakasirika. Hasira inaisha." Akatupa jiwe dogo nje ya mlango. "Ya pili ulisema kweli. Sasa batu bote bananiona mdomo."

Muda mfupi kabla ya kuhamia Lilongwe, ambako mshonaji mmoja aliniahidi kazi ya kushona vifungo, nilibaki peke yangu nyumbani wakati Mama Goreti amekwenda kununua mboga. Sijui kilichonisukuma. Nilipita nyuma ya rido, nikakaa kwenye kigoda chake, nikaelekea ukuta. Nilikuwa nimekaa naye mwaka mzima na nilikuwa nimemwandika mara mbili, moja kwa chuki na moja kwa mapenzi, na sikuwahi kukaa pale. Mbele yangu, sawa na macho, kulikuwa na tofali lenye alama ya mguu wa kuku. Kuku alilikanyaga lilipokuwa bado udongo mbichi, likakauka hivyo, vidole vitatu vimeenea kama mtu anayesema hapana. Kando yake bua la nyasi lilitokeza, na mtu alikuwa amelizungusha kwa kidole muda mrefu mpaka udongo wa pembeni ukawa laini. Hapo ndipo alipokuwa. Katika hadithi zangu zote mbili nilikuwa nimeandika mgongo wake, na mtu hauoni mgongo wake mwenyewe. Hata nilipompa "mimi," macho yalibaki yaleyale, yangu, nyuma, kwenye uwazi wa rido, nikiwa nimevaa sauti yake kama kitenge cha kuazima. Nilisimama haraka niliposikia hatua zake.

Nimeandika vitabu viwili tangu hapo na kuku yule hayumo. Nimeshindwa kumtia mahali popote. Na ninapoandika sura hii najua ninachokifanya: nimemweka tena kwenye kigoda, na wewe unayesoma umesimama nami kwenye uwazi. Sina njia ya kuisimulia aibu hii bila kuirudia kidogo. Nilichoweza ni kulitaja tofali, ili angalau mara moja uangalie anakoangalia yeye.

Amefika leo mchana. Alishuka Lumbadzi, nje ya mji, kwa jamaa, wakamleta mpaka kwenye geti, na nilisikia akisema "zikomo," asante ya hapa, kwa lafudhi ileile nzito kabla sijamfungulia. Amepungua. Amenishika mikono miwili, ameangalia chumba changu, kitanda, jiko la umeme, vitabu, akacheka. "Umekuwa mtu wa mji. Unakula bado kama redio?"

"Bado, mama."

Tukaongea. Tukamtaja Mama Pasta, ambaye magoti yamemshinda, na Yaya Trésor, ambaye alipelekwa ng'ambo na huandika salamu tu. Hakunitajia hadithi, nami sikuwa na ujasiri. Nilipika bugali na ndagala na mboga ya maboga, na wakati wote nikiwa napika niliona kile ambacho ningepaswa kukiona tangu alipopiga simu: chumba changu hakina rido. Kina meza moja, kiti kimoja, na kuta nne zilizopakwa rangi nyeupe, tupu, zisizo na chochote cha kutazama. Basi lake liko mbali na safari ni ndefu, na namjua. Njiani, katikati ya abiria, hatatia kitu mdomoni hadi avuke mpaka wa mwisho. Asipokula hapa, hatakula.

Nikamwekea sahani mezani. Nikamwekea maji ya kunawa na taulo safi. Chumvi ilikuwa palepale, katika kikopo chake, karibu na mkono wake.

"Mama, nimesahau chumvi," nikasema. "Ninakwenda dukani."

Aliangalia kikopo. Kisha akaniangalia mimi, kwa muda, na sitaandika jinsi alivyoniangalia.

"Ego, ndiyo," akasema. "Usikimbie. Duka iko mbali."

Duka liko hapohapo mbele ya geti. Nikavaa viatu, nikatoka bila kugeuka, nikauvuta mlango nyuma yangu mpaka kitasa kikalia.